Anayekamua Ndiye Huonja Kwanza

"Utajuaje kama amekunywa?"

Hakimu aliniuliza hivyo nikiwa nimesimama mbele yake, mikono nyuma kama mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu nyuma. Chuoni nilijifunza kuuliza maswali. Kuulizwa ilikuwa habari nyingine. Kaka yangu alikuwa kizimbani, amevaa shati nililompigia pasi asubuhi ile, anaangalia sakafu.

Alikuwa ameshakiri kosa. Jioni moja, akiwa amelewa gongo, alirusha jiwe likavunja kioo cha kabati la mbele la duka moja pale mjini, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameshafunga na alikataa kumfungulia. Haikuwa mara yake ya kwanza kuvunja kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja kitu cha mtu asiye ndugu.

Mwenye duka ni Mwislamu wa makamo ambaye babu yake alitoka Pangani, akafika Karagwe na mzigo wa chumvi na vitambaa, akaoa, asirudi. Alipopewa nafasi ya kusema, alivua miwani kwanza.

"Mheshimiwa, huyu kijana mchana ni mtu mzuri kabisa. Ananishushia mizigo, hajawahi kuniibia hata pipi. Tatizo lake ni jioni. Sasa mkimfunga wa jioni, mtamfunga na wa mchana."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka, ila aliandika.

Kabla ya siku hiyo afisa uangalizi alikuwa amekuja nyumbani kwetu Kituntu. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Mbeya, mrefu, mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu. Alikaa jikoni na mama, akauliza kaka alianza lini kunywa, anakunywa na nani, baba alifariki lini, nani humsikiliza. Alienda hadi kwa majirani. Nilimfuata nyuma nikiwa na mashaka yangu yote, maana nilidhani anatafuta ushahidi wa kumkandamiza. Kumbe hakimu ndiye aliyemtuma, ili kabla ya kutoa adhabu ajue anamhukumu nani.

Adhabu ikawa hii: kaka hatafungwa. Atakuwa chini ya uangalizi kwa mwaka mzima. Atahudhuria matibabu ya ulevi hospitalini, ataripoti kwa afisa, hatatumia kileo cha aina yoyote. Akivunja masharti atarudishwa mbele ya hakimu huyo huyo, na hapo atahukumiwa kwa kosa lile lile la kioo kana kwamba hakuna kilichotokea katikati.

"Huu si msamaha," hakimu alisema. "Gereza lipo palepale. Nimelisogeza nyuma kidogo ili upate nafasi ya kupita." Kisha akauliza nani wa nyumbani atasaidiana na afisa. Mama akanitazama mimi. Nikasimama, na ndipo swali lilipokuja.

"Nitamwangalia, Mheshimiwa," nilijibu.

"Sijakuuliza utafanya nini. Nimekuuliza utajuaje."

Hakimu hakungoja. Akaita kesi iliyofuata.

Nje, kwenye varanda, nilimwandama yule afisa. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kupona kwa amri. Ugonjwa haujui hakimu ni nani. Kama kaka anaenda hospitali kwa kuogopa jela, basi siku woga ukiisha na matibabu yameisha.

Alinisikiliza hadi mwisho, akifuta tope kwenye viatu kwa kijiti.

"Wewe mdogo wangu, darasa la kwanza ulienda kwa hiari?"

"Nilipelekwa."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Na sasa una digrii," alisema, akakitupa kijiti. "Wengi huanza kwa kupelekwa. Tunachotaka ni abaki, hata kama sababu iliyomleta ni mbaya."

Sikukubali. Mtoto wa shule hawezi kulinganishwa na mtu mzima ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka apate pombe. Lakini nilikuwa sina kazi, na mama alikuwa amenitazama, kwa hiyo nikaanza kumsindikiza kaka hospitalini.

Daktari alimwona kwanza, akampa dawa za siku za mwanzo, kwa sababu mtu aliyezoea gongo akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Hilo nilikuwa silijui. Baada ya hapo ikawa ni chumba kimoja mwisho wa majengo, chenye mabenchi na dirisha linalotazama migomba, na muuguzi wa kiume aliyekuwa akiongoza mazungumzo. Ndugu waliruhusiwa kukaa siku fulani. Walikuwapo mwalimu mstaafu, dereva wa bodaboda, kibarua wa mashamba ambaye wazazi wake walitoka Burundi, na wengine waliokuja na kupotea. Si wote walioletwa na mahakama. Kila mmoja alitakiwa kusema wiki yake ilikuwaje.

"Mimi niko salama," kaka alisema wiki ya kwanza. Wiki iliyofuata, salama. Na iliyofuata.

Nilimuuliza muuguzi kwa nini hawapimi mkojo au pumzi, kama nilivyosoma kwamba mahakama za nchi nyingine hufanya. Alinionyesha kabati. Lilikuwa na glovu na pamba tu.

"Kwa hiyo mnategemea maneno ya mlevi," nilisema.

"Tunategemea kwamba atarudi kuyasema. Akidanganya leo, wiki ijayo anadanganya kidogo zaidi, au kidogo pungufu. Tunasikiliza inakoelekea."

Kitu kimoja nilikigundua mwenyewe, na mpaka leo najivunia kukigundua. Muuguzi aliendesha mazungumzo kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili kila mtu alikuwa salama. Jambo lilipoanza kuuma, msemaji alihamia Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, bila kujua. Mwalimu mstaafu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kusahihishia insha, siku aliyosimulia jinsi mjukuu wake alivyomkuta amelala kwenye mtaro hakutumia neno hata moja la Kiswahili. Muuguzi hakumkatisha. Kaka aliendelea na Kiswahili chake.

Nyumbani mambo yalitulia. Kaka alinenepa kidogo. Alipalilia kahawa, alitengeneza uzio wa mbuzi. Mfukoni alibeba kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa habari. Kiu ilipomjia alitupa punje mdomoni. Mwenye duka alikuwa akimtania: "Mnatafuna kama mbuzi nyinyi. Kahawa inanywewa, bwana, na tangawizi."

"Shehe, wewe kunywa. Mimi kunywa nimekatazwa na serikali," kaka alijibu, na mzee akacheka hadi akakohoa. Nilianza kufikiri huenda nilikuwa nimekosea. Ndipo ikaja harusi kule Kamuli, kwa mjomba.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu rubisi, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Rubisi ni pombe ya ndizi. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, zikachanganywa na nyasi, na mwanaume mwenye miguu safi huzikanyaga mpaka zitoe juisi. Juisi hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake imechacha. Na kuna utaratibu: aliyekamua ndiye huonja kwanza. Mgeni hawezi kugusa kibuyu ambacho mkamuaji hajakigusa, maana atajiuliza kuna nini ndani.

Kaka yangu alikuwa mkamuaji hodari kuliko wote wa upande wa mama. Na mama yangu, ambaye alisikia kila neno la hakimu, hakuwahi hata dakika moja kufikiri kwamba "kileo cha aina yoyote" ni pamoja na rubisi. Gongo ni kileo. Bia ni kileo. Rubisi ni kitu cha nyumbani. Hupewa mzazi aliyejifungua, hupelekwa ukweni. Kwa hiyo mjomba alipotuma ujumbe kutoka Kamuli kwamba anamwoza binti yake na anamhitaji mpwa wake kwenye mtumbwi, mama alimfungia kaka nguo na kumpeleka barabarani. Mimi nilikuwa nimeenda Bukoba kwenye usaili wa kazi. Nilirudi nikakuta ameshaondoka.

"Mama, umempeleka kukamua pombe?"

"Nimempeleka kwa mjomba wake."

"Mahakama imekataza."

"Mahakama imekataza gongo. Ina maana hakimu haoi? Haolewi?"

Kaka alirudi Jumapili usiku, nikiwa nimeshalala. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kuripoti. Tulipanda gari pamoja, na nilisikia harufu kabla hajakaa. Ilitoka kwenye suruali, kwenye nywele, kwenye miguu ndani ya ndala. Aliyekanyaga ndizi hubeba harufu hiyo kwa siku kadhaa hata akioga. Utomvu na sukari huingia kwenye nyufa za miguu na kuchachia humo humo. Nilimtazama machoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini barabara ya Kamuli ina vumbi na harusi hailazi watu.

"Umekunywa?"

"Nimekamua," alisema, akageukia dirishani.

Afisa alisikia harufu kaka alipokuwa bado mlangoni. Hakupiga kelele. Alimuuliza alikuwa wapi, akamsikiliza, kisha akasema kwamba hawezi kulifunika: itabidi warudi kwa hakimu, Alhamisi.

Siku hizo kabla ya Alhamisi mama alipika na hakula. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kulimjia ghafla na kwa uzito. Kama hakimu angeamini kaka amekunywa, angeweza kumrudisha kwenye hukumu ya kioo, na mama ndiye aliyemfungia nguo za safari. Hakulisema hilo. Alilipitisha kwangu.

Tulipofika mahakamani alinivuta pembeni ya ukuta.

"Ukiulizwa, utasema hakunywa."

"Mama, sikuwepo."

"Ulipozaliwa ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Mimi ndiye niliyezaliwa."

"Unakumbuka?"

"Sikumbuki."

"Na mbona unasema ulizaliwa Kituntu? Kwa sababu mimi nimekuambia. Sasa nakuambia, kaka yako hakunywa."

Chuoni hakuna profesa aliyewahi kunibana namna hiyo. Nilimwambia naenda kutafuta maji ya kunywa, nikatoka hadi barabarani na kukaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Niliporudi, kaka na afisa hawakuwa varandani. Mama alisema wameitwa ndani, chumbani kwa hakimu. Nikadhani wameenda kupewa karipio la kwanza. Baada ya muda walitoka, na nyuma yao akatoka karani wa mahakama, kijana wa kutoka Rugu niliyemfahamu kwa sura tu. Alinisalimia kwa heshima ambayo sikuielewa, akapita. Kaka alikuwa ameloa jasho usoni, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye migomba.

Kesi ikaitwa. Afisa alisema aliyoyaona: harufu, safari ya Kamuli, kazi ya kukamua. Mama, akiwa nyuma, aliinua mkono kama darasani, akaambiwa asubiri. Kisha hakimu akanitazama.

"Binti, ni wewe uliyesimama hapa mara ile."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nilikuuliza utajuaje kama amekunywa. Hukunijibu. Leo nakuuliza jepesi. Amekunywa?"

Nilikuwa nimeandaa mengi. Nilitaka kumweleza kuhusu harufu ya mkamuaji, jinsi inavyokaa kwenye ngozi, jinsi isivyothibitisha chochote. Nilitaka kumwambia kwamba mahakama inayomkataza Mnyambo rubisi bila kuitaja kwa jina imejitafutia matatizo. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini hakuuliza hayo. Nilihisi macho ya mama kwenye kisogo changu, na nilijua kwamba nikisema "hakunywa" ninatoa dhamana kwa kitu nisichokijua, na nikisema "amekunywa" vilevile.

"Mheshimiwa, sijui. Alinukia pombe. Anayekamua hunukia hata asipoonja. Nilimuuliza, akasema amekamua. Zaidi ya hapo sijui."

Mama akasonya, sauti ikasikika hadi mbele.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kaka hakuinua kichwa. Kisha hakimu akasema kwamba amri itaendelea, ila kwa masharti yaliyobanwa. Rubisi ni kileo, na aliitaja kwa jina, akimtazama mama. Kaka hataingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, wa ndugu wala wa jirani, mpaka uangalizi uishe. Hospitali hatakosa hata wiki moja. Na atafute kazi ya kumweka mbali na migomba saa za jioni.

"Amri hii sikuitoa ili nimkamate," alisema. "Kumkamata ni rahisi. Sikuhitaji mwaka mzima."

Mwenye duka alikuwa amekaa benchi la nyuma na kofia yake mkononi. Hakuitwa, alikuja kwa kuwa alisikia. Akaomba kusema.

"Mheshimiwa, jioni aje kwangu. Dukani hamna harufu ya pombe. Ipo ya mafuta ya taa na ya dagaa, lakini hiyo hailevyi mtu."

Safari hii hakimu alicheka.

Wakati wa kurudi Kituntu mama hakuniongelesha. Tulipofika alipitiliza hadi nyuma ya nyumba, kwenye mtumbwi wetu, ule ambao babu alichonga na baba akakamulia ndani yake kwa miaka yake yote. Nilidhani anataka kulia. Aliusukuma kwa mguu, akashindwa, akaniita. Tuliuburuta pamoja mpaka kwenye banda la mbuzi, na akaujaza maji.

"Mbuzi nao wanastahili chombo kizuri," alisema. Ndivyo nilivyojua kwamba amenisamehe, au amejisamehe.

Kaka alishusha mizigo, alipanga sabuni, alifunga duka jioni pamoja na mzee na kunywa naye kahawa ya tangawizi kibarazani. Kwenye chumba cha hospitali kulikuwa na wiki alizosema "salama" na wiki alizonyamaza. Kisha siku moja, nikiwa nimekaa naye benchi moja, alianza na "mimi wiki hii" na sentensi ikamalizikia kwenye Kinyambo, na aliendelea kwa Kinyambo mpaka muda ukaisha. Sitaandika aliyoyasema. Yule kibarua mwenye asili ya Burundi, ambaye Kinyambo alikijua nusunusu, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mara mahali panapostahili.

Mwaka ulipoisha hakukuwa na sherehe. Hakimu alisoma kwamba uangalizi umekamilika, akamwambia kaka aende, na kaka akabaki amesimama kama mtu aliyesahau mlango uko wapi. Afisa ndiye aliyemgusa begani. Mwenye duka alituma pilau nyumbani, chungu kizima, na ujumbe kwamba sasa kaka anaweza kuvunja kioo kingine akipenda, ila mchana.

Mashaka yangu sikuyaacha. Kwenye benchi lile lile walikaa wengine waliopewa nafasi kama ya kaka na wakaishia jela, mmoja alizikwa. Nafikiri bado kwamba woga ni dawa dhaifu. Nafikiri pia kwamba mengi yalitegemea bahati: hakimu mwenye subira, mzee mwenye utani, afisa aliyekubali kuchafua viatu. Mahali pengine, mtu mwingine, isingekuwa hivyo. Ila sisemi tena kwamba haiwezekani.

Kaka sasa anaishi Rugu na mke wake, ana mibuni yake mwenyewe, na harusini hupewa kazi ya kugawa kahawa ya kutafuna kwa wageni. Yeye hutafuna ya kwanza, kama desturi inavyotaka. Nilimtembelea mavuno yaliyopita. Tulikuwa tunageuza kahawa juani, kila mtu upande wake wa turubai, nikamwambia kwa utani kwamba "sijui" yangu ndiyo iliyomwokoa.

Aliendelea kugeuza. Kisha akanieleza, bila kunitazama. Kule Kamuli alionja, kama mkamuaji anavyopaswa, halafu akaongeza, halafu akaongeza tena. Na ile Alhamisi asubuhi, nikiwa barabarani natafuta maji, alimwambia afisa yote. Alianza kwa Kiswahili, akashindwa, akasema kwa Kinyambo. Afisa wa Mbeya hakuelewa kitu, wakamwita karani wa Rugu atafsiri, na wote watatu wakaingia kwa hakimu. Hakimu aliponiuliza mbele ya watu kama kaka yangu amekunywa, alikuwa ameshasikia jibu kutoka kinywani mwa kaka mwenyewe.